Nyama ya Mishi

Watu wa Bofu, mtaa wa Likoni, walikuwa na mzaha wao kwamba Idarus alijaliwa bahati mbili tu duniani, bega bovu na mke mwema. Bega liliharibika mwaka wa hamsini na sita, pale bandarini Kilindini, gunia la saruji lilipomwangukia na kumtoa katika kazi ya ukuli kwa nguvu. Mke alikuwa Mishi, binti wa Magogoni kule Kisauni, ambaye Idarus alikuwa amemwoa miaka minne kabla ya hapo. Bega ndilo lililomfanya Idarus aanze kuuza mishkaki karibu na kivuko cha Likoni, na Mishi ndiye aliyeifanya mishkaki hiyo inunuliwe.

Kazi yenyewe waliigawana hivi. Asubuhi Idarus alinunua nyama na kuikatakata. Mishi aliipokea akairoweka katika viungo alivyovitwanga kwa mkono wake: tangawizi, thomu, bizari, pilipili manga, chumvi, maji ya ndimu, na papai bichi alilolipara pamoja na ganda lake. Hilo papai ndilo lenye siri. Likizidi, nyama hugeuka uji; likipungua, mteja hutafuna mpaka taya zikamuuma. Mishi hakupima kwa kijiko wala kwa kikombe. Alibonyeza kipande kwa kidole, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akasema, "Bado," au akasema, "Chukua." Alasiri Idarus alijitwika sufuria akaenda zake kivukoni, akawasha seredani yake ya makaa, na watu waliovuka kutoka kazini kisiwani wakamzunguka wakimwita fundi. Naye aliitika. Mtu akiitwa fundi kila jioni kwa miaka saba, mwishowe huamini.

Asidhani mtu kwamba Idarus alikuwa mume mbaya. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Mishi, na ndugu zake walimjia mara tatu kumshauri aoe mke wa pili. Mara ya tatu aliwajibu mbele ya watu, "Mimi nimemwoa Mishi, sikuoa tumbo la Mishi." Neno hilo lilivuka maji mpaka Magogoni, na mama yake Mishi alipolisikia alilia kwa furaha. Wanaume wengi wa pwani ile walipenda wake zao, lakini wachache walithubutu kulisema jambo hilo barazani. Idarus alilisema. Ndiyo maana kilichomfika baadaye kiliwauma hata watu ambao hawakuwa jamaa zake.

Mwezi wa Disemba mwaka wa sitini na tatu, Uhuru ulipokuwa mlangoni, Likoni iliunda kamati ya sherehe. Kamati ilipanga ngoma, mpira, kuvuta kamba, na mbio za baiskeli ambazo mshindi ni yule wa mwisho kufika. Kisha muuza nyama mmoja, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akashauri pawe na shindano la mishkaki baina ya mitaa. Kila timu iwe na watu watatu na ratili kumi za nyama, zinunuliwe kwake bila shaka. Muda ni saa moja na nusu. Nyama ipelekwe kwa waamuzi katika sahani zenye nambari, wasijue ni ya nani. Mshindi atatunzwa mbuzi beberu.

Bofu ilimtaja Idarus bila kuuliza wa pili. Yeye akawachagua wenzake wawili. Wa kwanza alikuwa Stambuli, jirani yake, aliyewahi kuchochea moto katika meli za makaa ya mawe na aliyependa kuwakumbusha watu hivyo. Wa pili alikuwa Kenga, Mgiriama Mkristo aliyekuwa akikata nyama katika duka mojawapo la hapo, kijana wa maneno machache mwenye kisu kisichokosea.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Idarus alikuwa amezoea kufanya kazi peke yake, na sasa uani kwake walikuwa wanaume watatu na seredani moja. Stambuli aliwasha moto wa kupeleka meli Bombay. Kenga alisimama katikati ya njia. Idarus alimnyang'anya mmoja koleo na mwingine kipepeo cha makaa, akamkanyaga Kenga mguu, na nyama ikatoka nje mkaa, ndani damu. Mishi alikuwa ameketi kizingitini, akicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mwagombania nini?" aliuliza alipopata pumzi. "Stambuli, moto ni wako, asiuguse mwengine. Kenga, weye ukate na kutunga, vipande viwe sawasawa. Bwana, kazi yako ni kugeuza na kuepua. Na chumvi imo tayari, nishaitia mimi. Atakayeongeza chumvi ameniharibia."

Wakamtii. Jumapili iliyofuata moto ulikuwa wa vifuu vya nazi, uliotulia, mwekundu bila moshi. Vipande vilikuwa sawa kama vimetoka kiwandani. Idarus aligeuza mara mbili tu kila upande, na nyama ikayeyuka mdomoni. Majirani walioonja walirudi na sahani. Siku hiyo watatu hao walikaa uani wakila kwa mikono mitupu, wakitaniana, na Stambuli akasema kwamba katika bahari zote alizopita hajapata kuona timu iliyonyooka namna hii. Mishi aliwaletea chai ya tangawizi. Ilikuwa siku njema sana, na Idarus alikuja kuikumbuka kwa maumivu.

Ijumaa kabla ya Uhuru, baada ya swala, watu walikuwa wamekaa kwa muuza kahawa. Walikuwapo Idarus, Stambuli na Kenga, na akapita Jaffar, mkuu wa timu ya Mtongwe. Jaffar alikuwa mtu wa utani asiyeweza kumpita mtu bila kumgusa. Hakuwa amewahi kushinda kitu chochote maishani mwake, na hilo halikumpunguzia maneno.

"Fundi," alisema, "mbuzi huyo ukimpata utampa nani?"

"Nitamchinja mwenyewe," akajibu Idarus.

"Haiwi. Wa kupewa ni Mishi. Likoni nzima yajua nyama ni yake. Weye ni mpepea makaa, na hata kupepea umeshamwachia Stambuli."

Watu wakacheka. Stambuli alicheka. Hata Kenga, ambaye hucheka kwa nadra, alificha mdomo nyuma ya kikombe. Kicheko hicho kilimwingia Idarus mahali ambapo yeye mwenyewe hakujua kwamba pana kidonda. Alisimama, kahawa ikamwagika.

"Sikizeni nyote," alisema. "Nyama yangu ikishindwa siku ya shindano, mke wangu nimemwacha kwa talaka tatu."

Kicheko kilikatika. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Kenga peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, kwa kuwa kwao kiapo hicho hakimo, mpaka alipowatazama wenzake usoni.

Wapo wanaume waliokuwa wakiapa hivyo kwa bei ya samaki. Idarus hakuwa mmoja wao. Hilo lilikuwa la kwanza kumtoka. Lakini neno la talaka halina mzaha, na tatu hazina rejea mpaka mke aolewe na mwingine; Waislamu wote waliokuwa pale walilijua hilo tangu chuo cha Kurani.

Njiani Stambuli alimshika mkono. "Twende kwa Maalim sasa hivi, atuamulie. Au tujitoe. Tusiposhindana hatushindwi."

"Tukijitoa watasema Jaffar alisema kweli," alijibu Idarus. "Na nani atatushinda? Umeila nyama ile."

"Basi mwambie Mishi."

Idarus aliahidi kumwambia. Alifika nyumbani akamkuta Mishi anapara papai huku akiimba wimbo ambao alikuwa akiuimba kila apatapo raha, na akashindwa. Siku ya pili alishindwa tena. Alijiambia kwamba akishinda hakutakuwa na haja ya kumtia hofu. Bendera ikapandishwa, watu wakakesha wakiimba, Mishi akamvuta aende akaone fataki ng'ambo, naye akaenda akazitazama bila kuziona. Ilikuwa desturi yake kumwambia mkewe kila kitu, hata bei ya vijiti. Hili moja alilificha, na hili moja ndilo lililotakiwa lisemwe.

Maana Ijumaa iliyofuata, siku moja kabla ya shindano, Mishi alipata mgeni. Alikuwa Barke, mke wa Jaffar, aliyekuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakicheza lelemama kikundi kimoja. Jaffar hakuwa amemwambia mkewe habari ya kiapo. Mwanamume hapendi kuwa yeye atakayeifikisha talaka masikioni mwa wanawake.

"Shoga yangu, nimekwama," alisema Barke. "Viungo vyangu mara mbili vimeigeuza nyama uji. Na Jaffar yuwanipigia kelele. Nipe kidogo vyako, tusije tukachekwa na mji."

Mishi hakusita. Alikulia katika nyumba ambayo kumnyima jirani kiungo kulikuwa karibu na uchawi. Alimpimia nusu ya bakuli, akamwonyesha kwa kidole namna ya kubonyeza, akamwambia saa ya kuitoa nyama katika papai. Waliagana wakicheka. Kwake yeye lile lilikuwa shindano tu la wanaume wazima kuchoma nyama.

Jumamosi uwanja ulijaa. Zilikuwa timu sita, seredani sita, na jua la kaskazi lisilo na huruma. Waamuzi watano walikaa chini ya turubai: mpishi mstaafu wa hoteli, kinyozi, karani wa posta, mwalimu wa shule na mama mmoja wa chama cha wanawake. Bofu walipewa nambari tatu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kenga alitunga, Stambuli alitandaza moto wake wa vifuu. Lakini Idarus aliposhika mshkaki wa kwanza alikikumbuka kiapo chake. Aligeuza mara tano pale pa kugeuza mara mbili. Kisha akaonja. Hofu ilikuwa imemkausha mdomo, ulimi umekuwa kama kitambaa, na nyama ile ikaonekana kwake haina ladha yoyote, kama pamba iliyoloweshwa. Akauliza chumvi iko wapi.

"Chumvi imo," alisema Kenga.

"Haimo. Nimeonja mimi."

"Mama wa nyumba alisema..."

"Nani fundi hapa?" Idarus alimkatiza, akachukua chumvi akanyunyiza. Akaonja tena, bado hakuisikia. Akanyunyiza tena. Stambuli alimwangalia, akataka kusema, akarudisha macho kwenye moto alioambiwa kuwa ni wake.

Mwenyekiti wa kamati alitangaza kuanzia chini. Nambari sita, nambari moja, mbili, nne. Idarus alikuwa akihesabu kwa midomo. Zilibaki mbili.

"Wa pili, nambari tatu, Bofu. Mshindi, nambari tano, Mtongwe."

Mtongwe ililipuka kwa vigelegele. Yule mpishi mstaafu, mtu wa haki, alichukua kipaza sauti akaeleza. "Tatu na tano hazina tofauti kwa ulaini wala kwa viungo. Utadhani zimelala sufuria moja. Tofauti ni chumvi. Nambari tatu chumvi imezidi."

Jaffar alikabidhiwa kamba ya mbuzi. Alisimama nayo mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka, akimtazama Idarus.

Mishi alitoka upande wa wanawake, akapenya katikati ya watu na buibui lake. Hakuwa na huzuni. Alikuwa na uso wa mama anayemwendea mtoto aliyeanguka. Alimgusa mumewe mkono.

"Bwana, mchezo huo. Twende zetu, nimekuwekea chai."

Idarus aliuvuta mkono wake. Aliuvuta kwa haraka, kama aliyeungua, na Mishi akabaki ameunyoosha wake hewani.

"Usinishike, Mishi," alisema.

Miaka kumi na moja hakupata kumwambia neno hilo. Mishi alidhani ana hasira ya kushindwa, akamfuata akimwambia taratibu kwamba watashinda mwakani. Aliendelea kumbembeleza mpaka Stambuli alipomwomba, machozi yakimlenga, aje naye kwa Maalim.

Walifika kabla ya magharibi. Wanaume walikaa barazani. Mishi aliingizwa ndani, nyuma ya pazia, na Barke akaja akaketi naye. Stambuli alieleza yote. Hivyo ndivyo Mishi alivyojua, kwa mdomo wa jirani, kwamba ndoa yake ilikuwa imewekwa rehani juu ya vijiti vya nyama.

Maalim alikuwa mtu mzima, mpole, aliyewaozesha mwenyewe. Alisikiliza yote akiutazama mkeka. Akauliza kama kuna lolote la kuongeza, na hapo Jaffar akasogea, kofia mkononi.

"Maalim, mimi sikujua nitashinda. Toka lini nikashinda? Lakini nina neno. Viungo vilivyotia nyama yangu ladha si vya kwangu. Mke wangu alivitoa kwa Mishi jana. Nyama iliyoshinda ni ya mkono wa Mishi."

Uso wa Maalim ulibadilika. Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Kumbe," alisema. "Basi tulitazame neno lenyewe. Kama aliapa kwa nyama ya Mishi, haijashindwa, maana ndiyo iliyoshinda. Kama alisema nyama yetu, au ya nyumbani kwetu, hapo pia pana njia. Kama alisema yangu, mambo ni mengine. Nani alisikia?"

"Mimi nilisikia 'yetu'," alisema Kenga upesi. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na masikio yalimgeuka mekundu.

"Stambuli?"

Stambuli alitazama miguu yake. "Nilikuwa nikinywa kahawa, Maalim. Sikushika vizuri."

"Jaffar?"

"Nilikuwa nikicheka," alisema Jaffar. "Anayecheka hasikii."

Watu wote watatu walikuwa wamemfungulia mlango, kila mmoja kwa namna yake. Ilibaki Idarus aingie tu.

"Shahidi wa kiapo ni aliyeapa," alisema Maalim. "Idarus, litoe neno kama lilivyokutoka."

Idarus alilitazama pazia. Aliona vidole vya Mishi chini yake, vile vidole vyenye rangi ya manjano ya bizari isiyotoka kwa sabuni. Ilikuwa rahisi kusema. Silabi mbili, na wangekwenda nyumbani pamoja. Lakini angelala naye akijua, na angemfanya yeye alale katika haramu bila kujua, na Mishi hakustahili kufichwa mara ya pili.

"Nilisema yangu," alijibu.

Maalim alifumba macho. Akajaribu tena, maana hakutaka. "Mwanangu, mume husema 'yangu' akikusudia ya nyumba nzima. Moyoni mwako, ulipolitamka, Mishi hakuwamo?"

Hapo Idarus akaangua kilio. Alilia kama mtoto, mbele ya Jaffar, mbele ya wote.

"Nilimtoa, Maalim," alisema. "Jaffar alisema nyama ni yake, mie nikaudhika, nikataka watu wasimtaje. Nilisema yangu ili nimtoe."

Kisha sauti ya Mishi ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, haina hasira.

"Maalim, usimtafutie mlango mwengine. Amesema kweli."

Kaka yake Mishi alikuja kumchukua kesho yake, akaenda kukaa eda kwao Magogoni. Wapo waliopendekeza hila: aolewe na mtu siku mbili, aachwe, arudi kwa mumewe. Jaffar, kwa majuto, alikuwa wa kwanza kuahidi kumtafuta mtu huyo. Mishi alipopelekewa habari alijibu kwamba yeye si mkeka wa kuazimana. Wakaliacha. Yule mbuzi Jaffar alimtoa sadaka, hakumwonja. Kenga aliacha kuja uani, na watatu hao hawakuitwa tena timu.

Idarus hakuwa na kazi nyingine, akaendelea na mishkaki. Alitwanga viungo mwenyewe. Wateja walipungua, kisha wakazoea, na wageni wasiojua kitu bado walimwita fundi. Hakuitika tena, aliuliza tu ni mingapi.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, alasiri moja, feri iliteremsha watu, na miongoni mwao alikuwa Barke na mwanamke mwingine mwenye buibui. Walikuwa wakienda arusini Mtongwe. Idarus alimjua kwa hatua kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa amejua kikohozi chake na namna anavyogeuka usingizini, na alama ndogo ya kuungua chini ya kidevu ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyeijua.

Mishi alimwona. Bila haraka na bila chuki, alilivuta buibui akafunika uso, kama impasavyo mwanamke wa heshima akikutana na mwanamume asiye wake.

Idarus aliweka koleo chini. "Asalaam alaykum, Bi Mishi," alisema.

"Wa alaykum salaam," alijibu Mishi, kwa sauti ile ambayo wanawake huwajibia wenye maduka, kisha akamshika Barke mkono wakaendelea na njia yao.